Barua ya wazi: Muiteni fundi wa meno kabla ya kisu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, wakurugenzi wa hospitali za rufaa, na ninyi mnaokaa kuamua bima ya afya ilipe nini na isilipe nini.

YAH: UPASUAJI WA TAYA NA MENO YANAYOTAKIWA KUKAA JUU YAKE

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Kuanzia hapa nitaongea kama ninavyoongea karakana.

Mimi ni fundi wa maabara ya meno hapa Dar es Salaam. Karakana yangu ni chumba kimoja Ilala, ghorofa ya kwanza, chini yake wanauza vipuri vya pikipiki. Daktari wa meno akishachukua vipimo kinywani mwa mgonjwa, yaani chapa ya meno na fizi zake, vipimo vinaletwa kwangu. Namimina jasi napata mfano wa kinywa, nachonga nta, napanga meno, nachemsha akriliki, ile plastiki ngumu ya meno ya bandia, nasugua mpaka ing'ae. Mgonjwa mara nyingi hanijui. Anachojua ni kwamba daktari kampa meno. Kwa hilo sina ugomvi na mtu.

Nilicho nacho ni mama mmoja. Anakaanga samaki karibu na Feri, na mwaka juzi aliletwa kwangu na daktari wa meno aliyeishiwa mbinu. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa ameota kinundu nyuma ya taya la chini, upande wa kushoto, kwenye magego. Hakikumuuma, na kisichouma kwa mtu mwenye biashara hakiendi hospitali. Kikakua. Akang'olewa gego moja kwa kudhaniwa ndilo lenye kosa, kikaendelea kukua, mpaka alipofika hospitali kubwa shavu likiwa kama limebeba embe. Akaambiwa ni ameloblastoma.

Nyinyi mnaujua uvimbe huo, lakini barua hii itasomwa na wengi, kwa hiyo naomba nieleze. Si saratani, na ni nadra sana usambae mwilini. Kazi yake ni kula mfupa, pole pole, na ukikwanguliwa tu hurudi. Ndiyo maana wapasuaji hukata pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa wenye afya unaouzunguka. Wengi wanaoupata wako kwenye miaka ya 20 hadi 40. Huyo ni mtu ambaye, Mungu akipenda, ana miaka 40 mingine ya kula.

Mama alikatwa kipande cha taya, akawekewa chuma cha kushikilia, na baadaye mfupa kutoka nyonga ukajaza pengo. Kidonda kikafunga vizuri. Ukimtazama usoni leo, unaweza kukaa naye nusu saa usijue, ila labda akicheka. Kwa hesabu za chumba cha upasuaji, ile ni kazi iliyofanikiwa, na mimi nakubali.

Alikuja na ombi moja. "Fundi, nataka kutafuna. Nauza samaki, mwenyewe naishi kwa mchuzi."

Daktari wake alichukua vipimo. Nikamimina jasi, nikapandisha mifano kwenye atikuleta, ile mashine ya bawaba inayofunga na kufungua kama taya, nikaanza kupanga meno kwa nta. Hapo ndipo nilipoona. Mfupa ulikuwepo, mgumu na mzuri, lakini ulikuwa umekaa chini sana na ndani sana. Meno yake ya juu yalishuka mahali pake, na chini yake palikuwa na hewa. Kutoka fizi mpya mpaka jino la juu nilipima karibu sentimita tatu. Ningejaza pengo lile kwa akriliki, angetoka na meno marefu kama ya punda. Na jino refu lililosimama juu ya msingi mfupi halitafuni. Ukiuma tu, linafanya kazi ya mtaimbo, linang'oa kila kilicho chini yake. Juu ya hapo, mdomo wa chini na shavu vilikuwa vimeshikamana na kovu, hakuna ule mfereji kati ya shavu na fizi ambamo meno ya bandia hupata pa kujishikiza. Ukisema vipandikizi vya titani, zile skrubu za chuma zinazopandwa mfupani kubeba meno, vingetokea karibu na ulimi, na bei ya kipandikizi kimoja kwake ni mtaji.

Tulijaribu mara nne. Mara ya nne alikaa nayo mdomoni dakika kumi, akaitoa, akaifunga kwenye leso, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwani daktari aliyeniwekea mfupa hakujua kwamba nitataka meno?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimekaa na swali hilo karibu miaka miwili, na jibu nililolipata ndilo linalonifanya niwaandikie. Daktari yule alijua. Ila hakuna aliyemwonyesha meno yatasimama wapi. Alifuata ukingo wa chini wa taya kwa sababu ukingo ule ndio unaorudisha sura, na kwa macho yake, pale mezani, mfupa ulikuwa mahali pake. Meno hayasimami kwenye ukingo wa chini. Yanasimama juu zaidi, kwenye mstari wake, yakitazamana na wenzake wa juu. Mstari ule mama alikuwa nao siku anaingia chumba cha upasuaji. Magego yaliyobaki yalikuwa yamelegea na kusukumwa, lakini ya mbele na ya upande wa pili yalikuwa yanakutana sawasawa na ya juu. Ule unga wa vipimo unaokorogwa na maji ukawa kama uji mzito huganda kwa dakika chache tu. Ungewekwa kinywani mwake siku moja kabla, tungekuwa na ramani. Ramani ile ilikatwa pamoja na uvimbe, ikaenda na taka za hospitali.

Waheshimiwa, hebu tazameni jinsi tunavyofanya kwa miguu. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa miguu na mikono ya bandia, TATCOT, tangu mwaka 1981. Mgonjwa akikatwa mguu chini ya goti, mpasuaji hakati tu palipo rahisi. Ikiwezekana huacha kigutu cha kama sentimita 15, anazungusha ncha ya mfupa isichome, anafunika kwa nyama, kwa sababu anajua keshokutwa pale panaingia mguu wa bandia. Kigutu kibaya kinaitwa kigutu kibaya, na aliyekikata anajua. Taya lililojengwa bila pa kuweka meno sisi tunaliita nini? Tunaliita "amepona".

Wenzetu wa mbali waligongana na jambo hili zamani. Mwaka 1989 David Hidalgo, daktari mpasuaji wa New York, alichapisha kazi ya kujenga taya la chini kwa mfupa mwembamba wa pembeni mwa muundi, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kuunganishwa na ya shingoni. Ilikuwa hatua kubwa, maana pengo refu, kuanzia kama sentimita sita, mfupa wa nyonga usio na mshipa wake mara nyingi hulishindwa. Lakini mfupa ule wa mguu una kimo cha kama sentimita moja na nusu, na taya lenye meno lina kama tatu. Ukiuweka chini kabisa, sura inarudi na meno yanaelea, yaleyale ya mama yangu wa samaki. Ndipo wakaanza kupanga kinyumenyume. Kwanza wanapanga meno kwenye mfano. Kisha wanatazama vipandikizi vya titani visimame wapi ili vibebe meno hayo. Kisha mfupa uje vipi mpaka ufike chini ya vipandikizi, uinuliwe kidogo au ukunjwe uwe wa tabaka mbili. Swali la kisu kipite wapi mguuni linakuja mwisho kabisa. Vipandikizi vyenyewe ni vya siku nyingi. Brånemark wa Gothenburg, Uswidi, alimwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, na mpaka leo kwa kawaida tunausubiri mfupa ushikamane na titani miezi mitatu hadi sita.

Sasa najua ofisini kwenu mtu akishasoma hapa ataandika pembeni: mashine. Picha za CT, mashine ya kuchapisha fuvu la plastiki, vielekezi vya kukatia mfupa. Ni vitu vizuri, vije. Ila tunajuana, tunapenda sana kukata utepe mbele ya mashine, na mashine isiyo na watu wanaoongea huishia kufunikwa kitambaa cha kudarizi. Mimi siombi mashine. Naomba simu moja kabla ya upasuaji.

Mwaka jana niliipata simu hiyo, mara moja. Daktari mpasuaji, binti mdogo kwa umri ila mkubwa kwa kazi, ana mgonjwa wa saratani ya taya la juu, mzee wa Kigamboni. Akaniambia, "Fundi, nakata Alhamisi. Naomba uje Jumatatu." Taya la juu likikatwa, kaakaa linafunguka, na pua na kinywa vinakuwa chumba kimoja. Maji yanatokea puani, na sauti inavuma kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Dawa yake ya kwanza si mfupa. Ni kizibo cha akriliki kinachofunika tundu, na kizibo hicho kinatakiwa kiwe tayari kabla ya tundu kuwepo.

Jumatatu tulichukua vipimo. Jumanne alikuja karakana, akapanda ngazi zangu zile za chuma, akachora kwa penseli juu ya jasi pale anapotarajia kukata. Akaniuliza nikipewa nafasi ya kuchagua ningependa nibakiziwe nini. Hakuna daktari bingwa aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia: chonge, kama ugonjwa unaruhusu, maana mzizi wa chonge ni mrefu na ndio nanga yangu. Na kama utakata jirani na jino linalobaki, ng'oa la pembeni yake upitishe msumeno katikati ya shimo lake, usiparaze ubavu wa jino linalobaki, ili lisimame na mfupa pande zote mbili. Lisipokuwa na mfupa upande mmoja, baada ya miezi litalegea, na kizibo kitalegea nalo. Akasema ugonjwa ndio utakaoamua. Ugonjwa uliruhusu.

Alhamisi kizibo kilifungwa kwa waya kwenye meno yaliyobaki, mgonjwa akiwa bado usingizini. Kesho yake mzee alizungumza na mkewe akaeleweka. Chai ilisubiri siku mbili. Baada ya kama siku kumi kilitolewa, kidonda kikasafishwa, nikatengeneza cha pili chepesi cha kusubiria. Cha kudumu kilikuja miezi kadhaa baadaye, kovu lilipotulia. Gharama yangu ya kile cha kwanza ilikuwa jasi, akriliki, waya na mchana mmoja. Jambo hili si la fedha za wafadhili.

Kuna atakayesema saratani kwanza, meno baadaye. Nami nasema hivyohivyo. Hakuna fundi mwenye akili atakayeomba daktari aache milimita moja ya ugonjwa ili apate pa kuweka jino. Ugonjwa utolewe wote. Tunachobishania ni kile kinachowekwa baada ya hapo, kiwekwe wapi, na kwa kumtazama nani.

Mwingine atasema hatuna muda, wagonjwa ni wengi. Hili linanisumbua zaidi, kwa sababu ni la kweli. Anayeletwa usiku ameanguka na bodaboda, taya vipande vitatu, asisubiri jasi yangu. Lakini ameloblastoma haina haraka ya usiku mmoja. Mama yule alisubiri kitanda kwa wiki kadhaa. Wiki zote hizo alikuwa na kinywa, na mimi nilikuwa Ilala.

Kuchelewa kwenyewe kuna bei. Kuna kijana aliyekatwa nusu ya taya na pengo halikuunganishwa na kitu. Nusu iliyobaki, kwa kuwa misuli haivutani tena sawa, ikaenda upande uliokatwa. Angeletwa wiki za mwanzo angewekewa bawa la akriliki kwenye meno, linaloongoza taya lirudi kwenye mstari kila anapofunga mdomo, na mazoezi, na taya hujifunza. Aliletwa mwezi wa nane baada ya kukatwa. Kovu lilikuwa kama kamba ya jahazi, na mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja. Hata sinia ya kuchukulia vipimo haikuingia. Wale wanaokwenda Ocean Road kupigwa mionzi nao wana habari yao. Meno yaliyooza yang'olewe mapema, vidonda vipate walau wiki mbili vifunge kabla ya mionzi, kwa sababu mfupa uliopigwa mionzi huponya kwa shida na unaweza kuoza. Nalo hilo halipangiki kama mtu wa meno hayupo kikaoni.

Nitawaambia na upande wetu, nisionekane nimekuja kushtaki tu. Sisi mafundi tunanyamaza. Mimi mwenyewe miaka iliyopita niliona kwenye picha taya linajengwa vibaya, mgonjwa bado yuko wodini, na nikasema moyoni, mimi ni nani nimpigie simu bingwa? Yeye ni daktari, mimi nanuka akriliki. Nikakaa kimya, na mgonjwa yule hana meno mpaka leo. Heshima ile ilikuwa ya kipumbavu, lakini ndivyo hospitali zetu zilivyopangwa. Aliye chini anasubiri aitwe, na kwenye orodha ya wanaoitwa sisi hatumo.

Kwa hiyo tuwekeni kwenye orodha. Fomu ya upasuaji wa taya uliopangwa iwe na mstari mmoja zaidi: vipimo vya meno vimechukuliwa, mfano wa jasi upo, na mtu wa meno ya bandia ameuona. Asipokuwepo mtu huyo katika hospitali, mfano usafiri. Jasi inapanda basi, mimi nimewahi kupokea kinywa cha mtu wa Lindi ndani ya boksi la biskuti. Mifano itunzwe kama zinavyotunzwa picha za eksirei, kwa sababu mgonjwa anaweza kurudi baada ya miaka mitatu akiwa na fedha ya vipandikizi. Pale Muhimbili, chuo kikuu kinapowafundisha madaktari wa meno na wapasuaji wa kinywa na taya, wanafunzi hao waketi siku chache kwenye benchi la maabara wajaribu kupanga meno juu ya taya lililojengwa chini mno. Hawatasahau.

Bohari ya Dawa nayo itazame unga wa vipimo na jasi kama inavyotazama nyuzi za kushonea. Kwenye ikama za hospitali za rufaa, fundi sanifu wa meno asiwe jina la kujazia.

Na ninyi wa bima, hapa naomba mnisome mara mbili. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Meno baada ya kukatwa taya yasije yakaandikwa kwenye fungu moja na kung'arisha meno. Huyu hakung'olewa jino kwa uzembe. Tulimkata sisi, kwa haki kabisa, ili aishi. Kizibo cha kaakaa, bawa la kuongoza taya, meno ya juu ya mfupa uliopandikizwa, vyote vihesabiwe ni hatua za upasuaji uleule, zilipwe nao, kwa kibali kilekile. Mgonjwa akiambiwa aanze foleni upya kuomba meno, wengi hawarudi. Nawafahamu kwa majina, na sitayaandika hapa.

Mama wa samaki bado anapita karakana, si kwa meno, ni kwa salamu. Daktari mmoja amemwangalia na kusema inawezekana kuongeza mfupa juu ya ule uliopo na kufungua mfereji wa shavu. Ni upasuaji mwingine, na nyonga nyingine. Anafikiria nani atashika biashara. Nimemwambia kwamba safari hii, akikubali, mfano wake wa jasi uko rafuni kwangu, meno nimeshayapanga kwa nta mahali yanapotakiwa kusimama, na nimepima kimo cha mfupa utakaohitajika. Milimita 11 nyuma, 9 mbele. Vipimo hivyo vimeandikwa kwa penseli ubavuni mwa jasi. Mpasuaji yeyote atakayempokea, nitampelekea mwenyewe kwa bodaboda, siku yoyote atakayosema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa maabara ya meno
Ilala, Dar es Salaam